Barabara ya Yanonge haitengenezwi na moteri kubwa

Kila mvua inaponyesha, mwenye pikapu au kamio ya 4x4 inayofanya kazi kati ya Kisangani na Yanonge anatafuta kitu kimoja: nguvu. Gari linapozama kwenye matope, yeye anaona moteri imeshindwa. Ndiyo maana wazo la kuifanya moteri iwe kubwa kuliko ilivyotoka kiwandani linawavutia wenye gari na mafundi pia. Njia inayosifiwa ni ile ya kurefusha mwendo wa pisto ndani ya silinda, ili moteri ileile imeze hewa nyingi, ichome mazutu mengi na kuvuta zaidi.

Wazo hilo si la kijinga. Linafanya kazi Marekani na Australia, na viwanda vyenyewe vimelitumia. Lakini kwa gari linalolisha Yanonge, ni matumizi mabaya ya makuta. Tena linaficha swali ambalo jimbo la Tshopo linapaswa kujibu: kwa nini mfanyabiashara alazimike kupambana na barabara kwa kuchokonoa tumbo la moteri yake?

Yanonge iko katika teritware ya Isangi, kilometa kama 60 kutoka Kisangani, ngambo ya kushoto ya mto Congo. Mchele, mihogo, mafuta ya mawese na makaa vinavyouzwa mjini vinatoka katika vijiji vya upande huo. Anayefuata barabara anafika Lubunga, kisha anavuka mto kwa bac au kwa mtumbwi, maana Kisangani haina daraja juu ya mto Congo. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka. Gari likikwama njiani, mihogo inaoza, mgonjwa anachelewa, na deni la mwenye mali linaongezeka. Kwa hiyo hesabu ya nguvu ya gari si mchezo wa vijana wa garaji. Inagusa chakula cha mji na maisha ya watu.

Maana ya kurefusha mwendo

Tuchukue moteri ambayo mafundi wa mashariki mwa Congo wanaijua vizuri: 1HZ ya Toyota, inayopatikana katika Land Cruiser nyingi za hospitali, za mashirika na za wafanyabiashara. Ilianza kutengenezwa mwaka 1990. Ina silinda 6 na inatumia mazutu bila turbo. Kila silinda ina upana wa milimita 94, na pisto inasafiri milimita 100 kutoka chini hadi juu. Ukipiga hesabu ya silinda zote sita unapata karibu sentimita za ujazo 4,164, ndizo zile litri 4.2 ambazo wauzaji wanazitaja.

Safari ya pisto inapimwa na vilibrekeni, kile chuma kizito kinachozunguka chini ya moteri na kushikilia biele. Kadiri shingo ya biele inavyokuwa mbali na katikati ya vilibrekeni, ndivyo pisto inavyosafiri mbali. Fundi akitaka pisto isafiri milimita 105 badala ya 100, anapaswa kusogeza shingo hiyo milimita 2.5 kwenda nje. Moteri inakuwa na ujazo wa karibu 4,372. Nyongeza ni asilimia 5.

Anayependa wazo hili ana hoja nzuri. Mwendo mrefu wa pisto unasaidia moteri kuvuta ikiwa inazunguka polepole, na kwenye matope hakuna anayehitaji mbio. Toyota yenyewe ilifanya kitu cha namna hiyo katika jamaa ya moteri zake za silinda 4. Moteri ya 3B ilikuwa na upana wa milimita 102 na mwendo wa 105. Iliyoifuata, 14B, ilibaki na upana uleule wa 102 lakini mwendo ukawa 112. Ujazo ulipanda kutoka karibu 3,430 hadi 3,660.

Huko Marekani, wapenzi wa Jeep wamefanya hivyo miaka mingi. Wanachukua moteri ya esanzi ya silinda 6 yenye litri 4.0, ambayo pisto yake inasafiri milimita 86.7, na kuiwekea vilibrekeni ya moteri ya zamani ya litri 4.2, yenye mwendo wa milimita 98.9. Wakipanua silinda kidogo, wanapata moteri ya karibu litri 4.6. Hiyo ni nyongeza kubwa, na gari linaisikia.

Lakini tuangalie kwa nini kule inawezekana. Vilibrekeni wanayotumia ilitoka kiwandani, kwa moteri ya jamaa moja, na inaingia karibu bila kulazimishwa. Pisto za kulingana nayo zinauzwa dukani. Mashine za kupima na kusawazisha zipo mjini. Gari likiharibika, mwenyewe anaita gari lingine limkokote hadi garaji kwenye lami. Na mara nyingi gari hilo ni la starehe ya siku za mapumziko. Halibebi mchele wa familia hamsini.

Toyota nayo haikurefusha mwendo na kuacha mengine. Kutoka 3B kwenda 14B ilibadilisha hata namna mazutu yanavyoingia: kwenye 3B yanapulizwa katika chumba kidogo cha pembeni, kwenye 14B yanapulizwa moja kwa moja juu ya pisto. Kiwanda kilichora moteri upya. Fundi wa Makiso au wa Mangobo anaombwa kufanya kazi hiyo kwa tournevis, ufunguo na bidii.

Milimita 2.5 zinazoweza kuua moteri

Tufuate kazi yenyewe. Kama hakuna vilibrekeni ya moteri nyingine inayoingia katika bloku ya 1HZ, fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kusaga shingo za biele upande mmja kuliko mwingine, ili katikati yake ihame. Kuhama milimita 2.5 kunataka shingo ipungue unene kwa milimita 5. Chuma ambacho kiwanda kilikiacha pale kwa ajili ya kubeba mapigo ya mazutu kinaondolewa, na kusine za kawaida hazifai tena. Njia ya pili ni kuongeza chuma kwa soda kisha kusaga upya. Moto wa soda unaweza kupinda vilibrekeni au kuacha ufa usioonekana kwa macho. Bila chombo cha kutafuta ufa, fundi anafunga moteri kwa imani.

Kisha pisto. Mwendo ukirefuka kwa milimita 5, pisto inapanda juu kwa milimita 2.5 zaidi. Katika moteri ya mazutu nafasi kati ya pisto na kulasi ni ndogo sana, kwa hiyo pisto itagonga. Lazima ipatikane pisto ambayo tundu la ekseli yake liko juu zaidi, au biele fupi. Pisto hiyo haiko kwenye duka lolote la njia ya Kisangani. Itaagizwa ng'ambo, kwa vipimo vya gari moja tu.

Kisha mgandamizo wa hewa. 1HZ inaminya hewa karibu mara 22, ndiyo inayowasha mazutu bila cheche. Ukiongeza ujazo bila kugusa chumba cha kuwakia, hesabu inapanda hadi karibu 23. Mzigo juu ya biele, kusine na jwe ya kulasi unaongezeka. Halafu pompu ya enjeksio inapaswa kurekebishwa ili itoe mazutu yanayolingana na hewa mpya. Ikitoa machache, zile asilimia 5 hazionekani. Ikitoa mengi, moshi mweusi unatoka, joto linapanda, na radiatere iliyojaa udongo wa njia haiwezi kulipoza.

Yote haya kwa asilimia 5. Toyota inahesabu nguvu ya kuzungusha ya 1HZ kuwa karibu Nm 285. Kazi ikifanikiwa bila kosa hata moja, dereva anapata karibu 300. Ni tofauti ambayo gunia chache za mchele juu ya gari zinaimeza.

Fundi mzuri hakosi kujua mambo haya. Hatari ni pale mteja mwenye pesa anapomsukuma, na fundi anaogopa kusema hapana kwa sababu jirani atasema ndiyo. Hapo anayelipa si mteja peke yake. Shofa analala njiani, abiria wanatembea kwa miguu, na mwenye mizigo anauza hasara.

Nguvu iliyopo tayari

Jambo la kushangaza ni kwamba gari la 4x4 tayari lina dawa ya nguvu, na wengi hawaitumii vizuri. Mkono wa pili, ule wa vitesi vifupi, unaongeza nguvu inayofika kwenye magurudumu zaidi ya mara mbili. Hebu tuweke hesabu mbili pamoja: kurefusha mwendo wa pisto kunaleta asilimia 5, mkono mdogo unaleta zaidi ya asilimia 100, na umekwisha kulipiwa siku gari liliponunuliwa. Shofa anayeingia katika matope kwa vitesi virefu huku akikanyaga mazutu hadi chini hakosi moteri. Amekosa kufundishwa.

Hata anayetaka zile asilimia 5 za kudumu anaweza kuzipata bila kufungua moteri. Ponti za Land Cruiser zimetoka kiwandani kwa hesabu mbalimbali, kati yake 4.1 na 4.3. Kubadilisha seti ya meno ya 4.1 kwa ya 4.3, mbele na nyuma pamoja, kunaongeza mvuto wa magurudumu karibu kiasi kilekile. Gari litapoteza mbio kidogo, lakini kwenye njia ya Yanonge nani anahitaji mbio? Na ponti ikivunjika, meno mengine ya kiwanda yanaweza kutafutwa sokoni kwa jina na namba.

Zaidi ya hayo, mara nyingi tatizo la matope si nguvu. Magurudumu yanazunguka vizuri sana, ila hayashiki. Moteri kubwa inayazungusha kwa kasi zaidi na kuchimba shimo refu zaidi. Kinachosaidia ni pneu zenye meno, upepo uliopunguzwa kwa kipimo, mzigo uliowekwa chini na katikati, kamba, mbao na treyi ya mkono. Si vitu vya kujisifia mbele ya garaji, lakini ndivyo vinavyotoa gari.

Na kabla ya kuongeza nguvu mpya, mwenye gari angeuliza nguvu ya zamani ilikwenda wapi. 1HZ iliyozeeka inapoteza mgandamizo kwa segma zilizolika na kwa valvu zisizofunga. Filta ya hewa iliyojaa vumbi inaziba pumzi. Mazutu yenye maji na mchanga, yanayouzwa kwa bidoni, yanaharibu enjekta na pompu. Vibao vya embrayaji vinateleza. Kupima mgandamizo wa silinda sita ni kazi ya saa chache kwa chombo kidogo. Mara nyingi kipimo hicho kitaonyesha kwamba gari halihitaji moteri kubwa kuliko ya kiwanda. Linahitaji kurudishiwa moteri ya kiwanda.

Piesi inayojulikana ni rafiki wa msafiri

Sababu kubwa ya kuacha moteri kama ilivyo haimo katika hesabu yoyote. Iko katika soko. Land Cruiser imetawala mashariki mwa Congo kwa sababu piesi zake zinajulikana na kila mtu. Kusine, segma, jwe ya kulasi na pompu ya maji zinaingia kutoka Uganda, zinapita Butembo au Bunia, na kufika Kisangani kwa barabara ya taifa namba 4. Fundi wa kijiji ambaye hajawahi kuona gari fulani anaweza kulifungua, kwa sababu ndani yake anajua atakachokikuta.

Siku moteri inapopewa vilibrekeni ya peke yake na pisto za peke yake, inatoka katika jamaa hiyo. Ikianguka njiani karibu na Yanonge, hakuna atakayekuja na piesi kwenye pikipiki kesho yake. Aliyeitengeneza ndiye peke yake anayejua vipimo, na kama amehama au amefariki, gari linabaki nyasi zikiota juu yake. Kwa mfanyabiashara mdogo, gari lile ndilo benki yake. Kuligeuza kuwa kitu ambacho mtu mmoja tu anaweza kukitengeneza ni kuifunga benki na kumpa mtu mwingine ufunguo.

Mzigo, mvua na wenye mamlaka

Kuna pia upande wa wakaaji. Kwa kawaida mwenye gari haongezi nguvu ili abebe mzigo uleule. Anaiongeza ili abebe zaidi. Lakini fremu, breki na madaraja ya mbao havikuongezwa. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa Marekani, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hayapandi sawasawa na uzito. Yanapanda takribani kwa uzito kuzidishwa wenyewe mara nne. Maana yake, ekseli iliyoongezwa mzigo asilimia 20 inaharibu karibu mara mbili. Majaribio yale yalikuwa juu ya barabara za lami na saruji. Kwenye udongo ulioloweshwa na mvua hakuna sababu ya kutarajia nafuu.

Kwa hiyo kamio yenye nguvu zaidi leo inachimba shimo litakaloikamata kesho, pamoja na pikipiki inayobeba mama mjamzito. Bariere za mvua ziliwekwa kwa ajili hiyo: njia ifungwe saa chache baada ya mvua hadi udongo ukauke. Zinapogeuka mahali pa kulipa na kupita, kazi yake imekufa. Mamlaka za jimbo na za teritware zina wajibu wa kuzirudishia maana, kwa watu wakubwa na wadogo.

Wajibu mwingine ni wa pesa. Tangu mwaka 2008 nchi ina FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaolishwa na malipo yanayokatwa juu ya mafuta ya gari na kwenye vituo vya ushuru wa njia. Kila litri ya mazutu inayonunuliwa kihalali kwa safari ya Yanonge imechangia. Moteri kubwa ikichoma zaidi, mwenyewe atachangia zaidi, kisha arudi kwenye shimo lilelile. Wachaguliwa wa Isangi na wa jimbo wana haki ya kuuliza, na wakaaji wana haki ya kusikia jibu kwa tarakimu: ni kiasi gani kimerudi kwenye njia za udongo za ngambo ya kushoto, na Ofisi ya Barabara imefanya nini nacho. Mto nao upo, hauna mashimo. Mizigo mizito isiyo na haraka ingepanda baliniere, kama bandari ndogo za Yanonge na za Kisangani zingepewa mahali pazuri pa kupakulia na usalama wa kuaminika.

Mafundi wanastahili mashine

Hakuna anayesema haya kwa kuwadharau mafundi. Wanaofufua moteri kando ya barabara bila umeme wana akili ambayo vitabu vinaitamani. Hamu ya kujenga moteri yenye mwendo mrefu ni dalili kwamba wanataka kazi ya juu kuliko kubadilisha filta. Hamu hiyo ipewe njia.

Kazi ngumu katika moteri hiyo ni kupima kwa mia ya milimita, kusaga vilibrekeni, kupanua silinda kwa unyoofu, kusawazisha uzito wa pisto na biele. Ujuzi huohuo ndio unaohitajika kurudisha 1HZ iliyochoka katika vipimo vya kiwanda, na hiyo ndiyo kazi inayosubiri katika mamia ya kilometa za Tshopo. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, pamoja na shule za ufundi za Kisangani, zingekuwa mahali pa kwanza pa kuweka mashine za kurektifia na vyombo vya kupimia, vifunguliwe kwa mafundi wa garaji kwa malipo madogo. Hapo kijana anayetaka kurefusha mwendo wa pisto aijaribu kwenye moteri ya mafunzo, juu ya meza, mwalimu akiwa karibu. Asiijaribu kwenye gari la mjane lililobeba mchele.

Mwenye gari naye ana la kufanya tangu wiki hii, bila kungoja serikali. Adai karatasi ya vipimo kabla na baada ya moteri kufunguliwa: mgandamizo wa kila silinda, unene wa shingo za vilibrekeni, saizi ya kusine zilizowekwa. Fundi asiyeweza kuandika tarakimu hizo asipewe moteri, hata kama anaahidi nguvu ya ajabu. Na mwenye gari atakayepata makuta ya ziada ayaweke kwenye pneu, filta, radiatere na mafunzo ya shofa wake.

Yanonge inahitaji magari yanayofika. Moteri ya litri 4.2 iliyo katika vipimo vyake, kwenye njia iliyopigwa greda na kufungwa wakati wa mvua, itafika kabla ya moteri ya litri 4.4 iliyozama kwenye shimo ambalo pesa zake zilikwisha kulipwa.